Kwa wanaokwenda kusoma nje: karatasi zinategemeana, zijueni kabla ya kupanda ndege

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Kila mwaka msimu kama huu naona watu wanaleta habari njema kwamba wamedahiliwa, wanapongezwa, halafu maswali yote yanakuwa ya viza. Viza ni muhimu, sikatai. Lakini nimesoma Ujerumani miaka minne, nimepokea wageni wengi pale kituo cha treni, na wengi niliowaona wakiumia waliumia baada ya kutua, ndani ya wiki sita za kwanza. Chanzo ni kimoja: kila karatasi unayoitafuta inadai karatasi nyingine ambayo bado huna.

Nieleze yangu. Nilifika mwishoni mwa Septemba. Hela za kujikimu zilikuwa kwenye ile akaunti maalumu inayofungwa, ambayo mwombaji wa viza anaweka gharama za mwaka mzima. (Kiasi kimekuwa kikipanda. Kuanzia Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi.) Hela naiona kwenye simu, siwezi kuigusa. Ili ianze kutoka kila mwezi, ufungue kwanza akaunti ya kawaida ya benki. Benki niliyokwenda ikataka cheti cha usajili wa makazi, kile Wajerumani wanachokiita Anmeldung. Ofisi ya usajili ikataka barua ya mwenye nyumba kwamba kweli nimehamia kwake. Na chumba nilichokuwa nalala nilikipata kwa mtu aliyekipangisha kimyakimya, mwenye nyumba hana habari. Barua ile asingeweza kunipa.

Sheria inakutaka ujisajili ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Mimi wiki ya tano ndipo nilipata chumba chenye barua. Wiki ya saba ndipo niligusa hela yangu mwenyewe. Katikati hapo niliishi kwa hela taslimu niliyobeba, na ilipokatika nilikopeshwa na mwanafunzi mwenzangu ambaye nilikuwa nimemjua siku tisa. Sitamsahau.

Nchi nyingine zina mnyororo wake. Japani unapewa kadi ya ukaazi uwanja wa ndege kwenye viwanja vikubwa, lakini baada ya kupata makazi una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anwani. China, ukilala nje ya hoteli, polisi wa eneo wanatakiwa wawe na taarifa zako ndani ya saa 24, na mwenye viza ya X1 (ya masomo ya muda mrefu) ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. India, mwenye viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 anajiandikisha ofisi ya wageni ndani ya siku 14. Ufaransa, viza ya muda mrefu ya mwanafunzi unaithibitisha mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu uingie. Ukiiacha ikapita, unahesabika kama mtu asiye na ukaazi halali ingawa stika iko ndani ya pasipoti.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kabla hujaanza kufikiria mabegi, chukua karatasi, andika chini kabisa "hela yangu mkononi", halafu panda kwenda juu: ili niipate nahitaji nini? Na hicho ili nikipate nahitaji nini? Endelea mpaka ufike kwenye kitu ambacho unacho tayari nyumbani. Andika na muda ambao kila hatua inachukua. Jumla ya muda huo ndiyo inayokuambia ubebe hela ya wiki ngapi, na kama chumba cha bei nafuu kisicho na mkataba ni nafuu kweli.

Waliosoma kwingine karibuni mwongeze. Wenye safari ulizeni.

#2 Anayekwenda Uingereza

Asante sana mkuu. Mimi naanza Septemba, shahada ya uzamili. Ada nimelipa sehemu, ya kujikimu baba mdogo ataniwekea kwenye akaunti wiki moja kabla sijaomba viza. Hapo kuna tatizo?

#3 Nipo Uingereza mwaka wa tatu

Ndugu, lipo, na afadhali umeuliza sasa. Kama nchi yako ni kati ya zile zinazotakiwa kuonyesha hela, kiasi kamili kinatakiwa kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Siku 27 haitoshi. Kikishuka chini ya kiwango siku moja tu, hesabu inaanza upya. Na taarifa ya benki isiwe imepitwa na siku zaidi ya 31 mpaka siku unayoomba. La pili, akaunti iwe yako, au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria ukiwa na ushahidi wa huo uhusiano. Baba mdogo, kama si mlezi wako kisheria, akaunti yake haikusaidii. Akuingizie kwako mapema, halafu usiiguse.

Kuna gharama watu huisahau kwenye bajeti: mchango wa huduma ya afya. Kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na unalipa kwa muda wote wa viza kwa mkupuo, siku ileile ya kuomba. Faida yake ni kwamba ukifika unajiandikisha kwa daktari wa mtaani bila kulipa tena. Jiandikishe wiki ya kwanza ukiwa mzima. Usisubiri homa ndipo uanze kujaza fomu.

Kadi za plastiki za ukaazi zilikoma mwisho wa 2024. Sasa hali yako ya viza iko mtandaoni, na mwenye nyumba au mwajiri unampa namba maalumu aikague mwenyewe. Kwa hiyo baruapepe na namba ya simu uliyofungulia hiyo akaunti usiipoteze. Namjua mtu aliyefungulia kwa baruapepe ya wakala aliyemsaidia kuomba. Wakala akaacha kujibu. Ilimchukua miezi kuirudisha mikononi mwake.

Amana ya nyumba: kwa Uingereza yenyewe (England), ukipanga kwa mkataba wa kawaida, haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi, na mwenye nyumba anatakiwa aihifadhi kwenye mpango uliothibitishwa na serikali ndani ya siku 30. Mwulize ni mpango upi. Akibabaika, ondoka. Na kama unasoma muda wote, omba chuo barua ya kukuondolea kodi ya halmashauri. Wengine wameilipa miezi kwa kutojua tu.

#4 Mzazi

Wanangu, nimesoma yote. Binti yangu anaondoka mwezi ujao, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nataka kujua abebe hela taslimu kiasi gani, na ni vitu gani asivitie kwenye begi kubwa. Nina hofu kidogo.

#5 Mtoa mada

Shikamoo mama. Hofu hiyo ni haki yako.

Hela: ya taslimu imtoshe usafiri wa kutoka uwanjani, malazi ya siku chache na chakula kwa muda ambao mnyororo wa nchi aendako unaonyesha. Iliyobaki iwe kwenye kadi, na kadi ziwe mbili za benki mbili tofauti, ziwekwe sehemu mbili tofauti. Moja ikimezwa na mashine, nyingine ipo. Azijaribu kwa malipo ya mtandaoni akiwa bado nyumbani, na benki iambiwe kwamba zitatumika nje. Kuingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi taslimu lazima utangaze forodhani. Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Kutangaza si kosa, kosa ni kunyamaza. Ila binti wa safari ya kwanza hana sababu ya kubeba kiasi kama hicho.

Begi la mkononi: pasipoti, barua ya udahili, ushahidi wa hela, bima, cheti cha kuzaliwa, vyeti halisi vya masomo, anwani ya anakokwenda imeandikwa kwenye karatasi. Simu ikizimika, dereva au afisa wa uhamiaji asikwame. Nakala za vyote zibaki kwako mama, na nyingine kwenye baruapepe yake. Kama kuna cheti kinachotakiwa kutafsiriwa au kugongwa mhuri wa kutambuliwa kimataifa, kazi hiyo ifanyike kabla hajaondoka. Ukiwa mbali, kugonga mhuri mmoja ni kumsumbua ndugu wiki tatu.

Dawa anazotumia zikae kwenye vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika nchi na nchi. Na aangalie sheria za aendako: dawa nyingine za kawaida kwetu kwingine zimezuiwa. Kitabu cha chanjo kisiachwe. Cheti cha homa ya manjano, tangu Julai 2016, ni cha maisha, hata kama ndani kimeandikwa miaka kumi.

Betri za ziada na zile za kuchajia simu haziruhusiwi kwenye begi la chini, ni mkononi tu. Pasi na mashine za nywele aziache: Marekani umeme ni volti 120, Japani 100, Ulaya ni 230. Kifaa cha joto kikikutana na umeme usio wake, ama hakipati moto ama kinaungua.

Sasa naomba hili mlishike, nimeona likiwatesa watu kuliko baridi. Laini ya simu ya nyumbani isife. Benki yake ya nyumbani, baruapepe, tovuti ya viza, tovuti ya ufadhili, vyote vinatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ile. Akifika anaweka laini mpya, ya zamani inatupwa kwenye droo, miezi inapita bila kutumika, kampuni inaifunga na kumpa mtu mwingine. Siku anataka kuhamisha hela, namba ya uthibitisho inakwenda kwa mtu asiyemjua. Kuirudisha laini mara nyingi kunataka mwenyewe afike dukani na kitambulisho. Kwa hiyo: simu yenye nafasi ya laini mbili, huduma ya kupokea ujumbe akiwa nje iwashwe kabla hajaondoka, na salio liongezwe mara kwa mara. Hiyo kazi unaweza kuifanya wewe mama, kila mwezi.

#6 Mzazi

Marahaba mwanangu. Nitaweka mimi salio. Mungu akubariki.

#7 Mwanafunzi, Marekani

Niongezee ya huku. Ukishapata fomu ya I-20 kutoka chuo (ndiyo inayokuombea viza ya mwanafunzi, F-1), unalipa ada ya I-901 ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 kwa mwenye F-1, kabla ya usaili wa viza. Hata viza ikitoka mapema, huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20. Kuna waliokata tiketi ya bei rahisi ya wiki sita kabla wakalazimika kuibadilisha kwa gharama. I-20 usiiweke kwenye begi la chini, inaombwa mlangoni.

Ukifika, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakuingize kwenye mfumo huo wa SEVIS. Ukihama chumba, hata kama ni jengo la pili, unatoa taarifa ndani ya siku 10. Ukiona masomo mazito ukataka kupunguza kozi, usipunguze kabla hujaongea na ofisi hiyo. Kushuka chini ya mzigo kamili bila ruhusa kunavunja hadhi yako ya uanafunzi, na mwalimu wako mwema aliyekushauri upunguze pengine hajui hilo. Nilikaribia kuingia humo muhula wa pili. Afisa alinizuia nikiwa nimeshashika kalamu.

Kazi ni ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Namba ya hifadhi ya jamii unaipata ukishapata kazi, si kabla, kwa hiyo atakayekuambia huwezi kufungua akaunti ya benki bila namba hiyo, mshukuru kisha jaribu benki nyingine. Na kila mwaka unajaza fomu ya 8843 ya mamlaka ya kodi hata kama hukuingiza senti.

Halafu simu za matapeli. Mtu anapiga, anajua jina lako na chuo chako, anasema ni afisa wa uhamiaji, kuna tatizo kwenye faili lako, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi la sivyo unakamatwa. Mgeni anatetemeka, analipa. Hakuna ofisi ya serikali inayodai malipo kwa kadi za zawadi. Kata simu, nenda ofisi ya chuo.

#8 Niliyetapeliwa chumba

Niliapa sitalisimulia, ila nikiona mtu anatafuta chumba kwa mtandao moyo unaniuma. Picha zilikuwa nzuri. Mwenye nyumba "yuko safarini nchi nyingine kikazi", funguo atazituma kwa posta nikishalipa amana na mwezi wa kwanza. Alinitumia mpaka picha ya pasipoti yake. Nilifika na mabegi mawili saa tatu usiku, nikabonyeza kengele, akatoka bibi mmoja aliyeishi pale zaidi ya miaka kumi. Sikuwa wa kwanza kumgongea.

Pasipoti ile ilikuwa ya mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yangu. Kwa hiyo na yangu niliyomtumia huenda iliwanasa wengine. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya hela.

Msilipe chumba ambacho hakuna mtu wenu aliyekiona. Kama hamna mtu, ombeni bweni la chuo mapema mno, siku ileile ya kupata udahili, kwani foleni zake ni ndefu. Mkikosa, lipieni malazi ya muda ya wiki mbili au tatu mahali panapojulikana, mtafute mkiwa pale kwa miguu yenu. Kwanza ulizeni kama malazi hayo yanakubaliwa kwa usajili, mtoa mada ameshaeleza kwa nini. Anayekwenda Ufaransa mwenye miaka 18 hadi 30 aangalie mpango wa udhamini wa kodi ya nyumba unaoitwa Visale, ni bure, na unaondoa lile sharti la mdhamini ambaye wageni wengi hawana.

#9 Mtoa mada

Pole sana ndugu. Ahsante kwa kulisema, najua limekugharimu.

#10 Nasaidia kufundisha, nasoma uzamivu

Moja tu, maana ya karatasi mmeyamaliza. Kanuni za kunukuu. Nimesahihisha kazi za wanafunzi wazuri, wenye akili, waliotoka mahali ambapo kuandika maneno ya kitabu kama yalivyo ni dalili kwamba umesoma. Huku, ukichukua sentensi ya mtu bila alama za kunukuu na chanzo, ni kosa la nidhamu. Kazi inaweza kufutwa, na mara ya pili chuo kinaweza kukuondoa. Na chuo kikikuondoa, viza nayo haina mahali pa kusimama. Kubadilisha maneno mawili matatu hakutoshi. Programu za kuandika kwa akili bandia kila kozi ina masharti yake, yasome kozi kwa kozi. Kwenye wiki ya ukaribisho kuna darasa fupi la maktaba kuhusu haya, na wageni wengi hulikosa kwa sababu wako kwenye foleni ya benki. Msilikose.

#11 Mwanachama

Samahani wakuu, hili si la karatasi. Nina mwezi wa tatu. Jua linazama saa kumi jioni. Natoka darasani, nalala. Simu za nyumbani nimeanza kutopokea kwa sababu wataniuliza naendeleaje na sitaki kudanganya. Mlipitia?

#12 Nipo Uingereza mwaka wa tatu

Nilipitia, kaka. Novemba na Desemba za mwaka wa kwanza. Nilidhani nimekuwa mvivu.

Nikuambie kilichonisaidia. Nilianza kutoka nje kila siku saa za mchana, hata dakika 30, jua liwepo lisiwepo, maana mwanga wa nje hata wa mawingu unazidi taa za ndani. Nilijiandikisha mazoezi ambayo nikikosa mtu ananiulizia. Na nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo. Nilichelewa kwenda kwa kuogopa kwamba itaandikwa kwenye faili la viza. Ni huduma ya siri, niliitumia mara sita na haikunigharimu kitu. Chuo chako uliza, vingi vinayo. Kama usingizi na hamu ya kula vimevurugika zaidi ya wiki mbili, mwone na daktari. Na kama mawazo ya kujidhuru yamekuja hata mara moja, leo hii piga namba ya dharura au nenda hospitali, usingoje miadi.

Nyumbani pokea simu, waambie "ni ngumu, lakini naendelea". Si uongo huo. Nakutumia ujumbe faraghani sasa hivi, nijibu.

#13 Mwanachama

Nimeuona. Nimejibu. Ahsante kaka.

#14 Anayekwenda Ujerumani

Mtoa mada, narudi na mrejesho. Nilichora ule mnyororo kuanzia chini kama ulivyosema, nikagundua chumba nilichokuwa nataka kulipia hakitoi barua ya usajili. Nikakiacha, nikachukua cha ghali kidogo chenye barua. Nina siku kumi hapa, jana nimesajiliwa. Benki wamesema kadi na namba ya siri vinakuja kwa posta, bahasha mbili tofauti. Namba ya mlipakodi nayo inakuja kwa posta. Kuna kitu nimesahau?

#15 Mtoa mada

Hongera mno mkuu! Siku kumi, mimi nilihitaji wiki tano. Swali moja: jina lako liko kwenye sanduku la barua? Huku mtu wa posta anafuata jina. Anwani ikiwa sahihi na jina halipo, bahasha inarudi ilikotoka. Kadi yangu ya benki ilirudi mara mbili kwa sababu hiyo.

#16 Anayekwenda Ujerumani

Halikuwepo! Lilikuwa la mpangaji aliyehama. Nimeshuka sasa hivi na karatasi na gundi, nimelibandika. La kwenye kengele pia.